Mtoto Aliyelilia Jina

Kwetu Waa jina la babu halikuachwa. Babu mwenyewe alikuwa wa Kwanza, baba akawa wa Pili, ndugu yangu wa Tatu. Majirani ndio walioanza kuhesabu, ili ijulikane anayesemwa ni yupi, na mwishowe hata kwenye kitambulisho ndugu yangu akaandikwa hivyo.

Kuna jambo ambalo halikusemwa mbele ya watoto. Babu alianguka kutoka mnazini baba akiwa bado hajatimiza arobaini yake ya uchanga. Baba naye alifariki kwa homa, ndugu yangu hajaota hata jino. Bibi aliwazika wote wawili, mume na mwana, na sikumsikia akivifungamanisha vifo hivyo na kurithishwa kwa jina. Mimi niliambiwa na shangazi tulipokuwa tukikuna nazi. Nilipomsimulia ndugu yangu, alicheka.

Miaka ikapita, akawa mpishi katika hoteli moja ya Diani, akaoa. Mkewe alipojifungua mtoto wa kiume, ndugu yangu alikuja na jina ambalo hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kuwa nalo. Bibi alisikiliza, akasema ni jina zuri.

Mtoto akaanza kulia. Alikataa ziwa, akalia mpaka sauti ikamkauka. Zahanati walimpima wasione ugonjwa. Majirani waliokuja kutupa pole waliuliza swali lile lile: ameitwa nani? Kwetu mtoto akilia hivyo husemwa analilia jina. Ndugu yangu alizunguka uani, sare ya kazi bado mwilini.

Asubuhi moja bibi alimpakata mtoto. Wifi yangu hakumzuia, alikuwa hana nguvu tena. Bibi akainama, akamwita sikioni kwa jina la marehemu mumewe. Mtoto akanyamaza, akageuza shingo kutafuta ziwa.

"Bibi, umeniua," ndugu yangu alisema kwa sauti ya chini.

"Nimemnyamazisha mtoto, mjukuu wangu. Ulitaka afe yeye?"

Siku hiyo hiyo ndugu yangu akahamia chumba cha kupanga Ukunda. Wifi alisubiri arudi, hakurudi, naye akaenda kwao Jego na mtoto. Ndugu yangu yu hai mpaka leo. Matumizi hupeleka, dawa hununua, lakini hajawahi kumpakata mwanawe wala kumtaja. Akipiga simu huuliza tu, "Huyo hajambo?"

Idi iliyopita wifi alimleta mtoto Waa. Tulikaa mkekani, ndugu yangu karibu na mlango. Mgeni mmoja akamuuliza mtoto anaitwa nani. Akalitamka jina lote polepole, kama alivyofundishwa, kisha akaongeza, "wa Nne."

Ndugu yangu alirudisha tonge sahanini. Akavaa viatu, akatoka bila kuaga. Mtoto alimfuata mpaka barabarani, akimwita baba, naye hakugeuka.