Kata za Maji kwa Kioo cha Sola

Siku hizi bomba liko mlangoni na mtu anamnyima jirani yake ndoo moja, lakini wakati ule maji yalipandishwa kichwani kutoka bondeni na bado yaligawiwa. Anayebisha hakumjua Scholastika.

Alikuwa mhudumu wa zahanati yetu, upande wa Newala, miaka ile vita vya Msumbiji vilipowavusha watu Ruvuma. Bruda Vitalis, mtawa Mjerumani, alifunga sola juu ya paa ili friji ya chanjo ifanye kazi. Alimweleza Scholastika kwamba kwao baridi yenyewe haiidhuru sola. Kinachoishinda ni theluji. Ikifunika kioo, hata upande mmoja tu, umeme hupungua sana, na watu huisukuma kwa ufagio laini.

Sisi theluji hatuna. Tuna salfa, dawa ya unga ya kuzuia ukungu. Mikorosho inapotoa maua, wakulima huipulizia unga ule alfajiri, umande ungalipo, ili ushike majani. Mwaka ule ulishika na kioo, ukaganda, ufagio ukashindwa kuubandua. Friji ikaanza kupata joto, na surua ilikuwa imeingia kwa wakimbizi. Pipa la zahanati lilikuwa kavu.

Scholastika akafunga kanga kiunoni, akapita nyumba kwa nyumba akiomba kata ya maji. Kwetu maji ya namna hiyo yaliombwa kwa ajili ya msiba tu. Basi watu wakaja na maji, na mikeka, na wanawake wengine wameshaanza kulia. Mzee Nikolao akamwuliza Scholastika, akimwita kwa jina la mwanawe, "Mama Kasiani, amekufa nani?"

"Hajafa mtu, baba. Au mlitaka ningoje wafe watoto ndipo mniletee?"

Kisha mmoja akasema basi mikeka tuikalie, watu wakacheka. Maji yakapanda ngazi kata kwa kata, salfa ikasuguliwa kwa matambara, na kioo kikang'aa kabla barafu ndani ya friji haijayeyuka yote. Chanjo zikapona. Watoto wa wageni wakachanjwa. Hao ndio waliokuwa watu wa kwetu, nami najivunia kuzaliwa kati yao.

Amani ilipopatikana, malori yalikuja kuwachukua wakimbizi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, kioo hakikuwa na hata vumbi. Hata hivyo mama za watoto wale waliochanjwa walishuka mbele ya zahanati, kila mmoja na kata yake ya maji ya mvua, wakampa Scholastika. Akapanda ngazi, kanga kiunoni, akakiosha kioo kilicho safi, nao chini wakimpigia vigelegele mpaka dereva akawaita. Sikuwaona tena pamoja, yeye na mama wale.