Muuza Miche wa Mawaleh

Muuza miche wa Mawaleh hana haraka na mti. Huuzunguka kwanza, hufikicha jani, hulinusa macho kayafumba, ndo aseme. Nlimwita hapa kwangu Sib aukate mstafeli wangu, miaka mitano hauzai. Akanusa, akacheka.

"Bibi, huu si mstafeli. Huu mlangilangi."

"Mstafeli! Nimeupanda mwenyewe."

"Uniwie radhi, bibi. Ua la mstafeli nene, limefumba. Haya yako kama vidole sita virefu, yananing'inia. Sasa kijani, hayanuki. Ngoja yawe manjano."

Akaubeba msumeno wake, akaenda zake. Ijumaa nyumba nzima inanukia, mpaka majirani wanabisha hodi. Alipokuja tena nikamtolea sahani imejaa maua.

"Unaona?" nikamwambia. "Mlangilangi huu, na wewe ulitaka kuukata!"