Namba Moja, Nyumba Mbili

Namnyaki alikuwa mtu wa hasira za karibu, na wenzake ofisini walishamsoma: akivua miwani na kuiweka mezani, nyamaza. Mwarusha wa Olmotonyi, miaka thelathini na mmoja, ndiye peke yake aliyeuelewa mfumo wa kompyuta wa ushirika fulani wa maziwa wenye ofisi yake Moshono. Tusimwonee. Ungekuwa wewe, ungeshavunja miwani yenyewe.

Alipoajiriwa alikuta programu moja kubwa, kila kitu kimeshindiliwa humo kama nguo kwenye mfuko wa shangazi kaja. Ukirekebisha ujumbe wa simu, mizani ya maziwa inagoma. Ukigusa mizani, orodha ya wanachama inapotea. Aliivumilia miezi minne, kisha akaivunjavunja na kujenga huduma ndogo nne: ya wanachama, ya kupokea maziwa, ya matibabu ya mifugo, na ya ujumbe. Juu ya huduma hizo akaweka skrini wanayoiona makarani. Chini, kila huduma akaipa hifadhi yake ya kumbukumbu, na hakuna nyingine inayoruhusiwa kuigusa. Huduma ikitaka jambo kwa mwenzake inauliza kwa namna waliyokubaliana, na inajibiwa kwa namna hiyohiyo. Makubaliano hayo aliyaita mkataba. Kazi hiyo ilimla miaka miwili, na miaka yote miwili watu walikuwa wakimuuliza kilichobadilika ni nini, mbona skrini ni ileile.

Aliyeuliza kuliko wote ni Gadiel, meneja. Gadiel hakuwa mtu mbaya, ila kwake kila kazi ya kompyuta ilikuwa ya dakika moja. Ripoti mpya, dakika moja. Kuhamisha wanachama elfu mbili, dakika moja, labda na chai juu.

Jumanne asubuhi simu iliita. Alikuwa Joyce, karani wa kituo cha kupokea maziwa kule Olmotonyi.

"Dada Namnyaki, samahani. Mashine imemkataa mama yako."

"Imemkataa kivipi?"

"Imetoa nyekundu. Inasema dawa, siku nne. Nimemwambia arudi na ndoo yake, akanitazama tu. Na foleni ilikuwa ndefu, dada. Wote wameona."

Namnyaki alifungua kompyuta akafuatilia hatua kwa hatua. Jumatatu daktari wa mifugo alimchoma sindano ya ugonjwa wa kiwele ng'ombe mmoja wa boma la baba yake. Maziwa ya ng'ombe aliyepigwa dawa hayapokelewi, kwa sababu yakiingia kwenye tangi mtindi wote haugandi. Huduma ya matibabu iliandika namba ya uanachama, 214. Asubuhi huduma ya kupokea maziwa ikauliza, "214 ni salama?" Ikajibiwa, "Hapana, mpaka Ijumaa." Skrini ikawa nyekundu. Kila tabaka lilifanya kazi yake bila kosa, na moyoni, Mungu amsamehe, alijisikia fahari kidogo.

Shida ni kwamba ng'ombe mwenye sindano alikuwa wa nyumba ya mke mkubwa, Mama Lesian. Wa mama yake Namnyaki, mke mdogo, walikuwa wazima kabisa, ila namba yao ni hiyohiyo moja.

Gadiel alikuwa ameshasikia. Alikuja akaegemea mlango.

"Si uingie tu kwenye hiyo hifadhi ya matibabu uifute hiyo rekodi? Dakika moja."

"Siingii."

"Ni mama yako mzazi, Namnyaki."

"Nikiifuta, na maziwa ya Mama Lesian yataonekana salama. Kesho tunamwaga tangi zima. Halafu leo nikiingia mimi kwa sababu ya mama yangu, kesho utataka niingie kwa sababu ya shemeji yako."

"Basi mfumo wako umekosea."

Miwani ikatua mezani.

"Mfumo haujakosea, meneja. Umefuata mkataba."

Gadiel aliondoka akitikisa kichwa. Namnyaki alijua yuko sahihi, na hakuna kinachochosha kama kuwa sahihi mbele ya mtu asiyejali. Mchana mzima hakufanya la maana. Saa kumi alifunga kompyuta akaenda nyumbani kwao.

Alimkuta mama yake amekaa nje ya nyumba yake, ndoo ile imefunikwa kwa kitambaa kando yake.

"Takwenya, yeyo," alimwamkia mama yake kwa Kimaa.

"Iko," mama aliitikia.

Namnyaki akavuta kigoda, akaanza kueleza. Alieleza vizuri, kwa uvumilivu ambao Gadiel hakuwahi kuuonja. Kwamba ndani ya mfumo kuna huduma nne, kila moja na kazi yake. Kwamba kila moja ina chungu chake, na mwenzake hachoti humo bila kuuliza mlangoni. Kwamba ya maziwa iliuliza na ya matibabu ikajibu kuhusu 214, na 214 ni boma lao.

Mama yake alisikiliza mpaka mwisho.

"Hizo huduma zako zinaishi vizuri," alisema. "Kama wake wenza wenye adabu. Kila mmoja na nyumba yake."

"Ndiyo, yeyo. Hivyo hivyo."

"Ulipokuwa mdogo, ulishawahi kuchota maziwa nyumbani kwa Mama Lesian bila kumuomba?"

"Hapana. Ungenichapa."

"Ng'ombe niliopewa siku ya kuja hapa, baba yako huwa anawakamua?"

"Hapana, yeyo. Maziwa ni ya mama mwenye nyumba."

"Sasa nani aliyeiambia mashine kwamba nyumba yangu na ya Mama Lesian ni nyumba moja?"

"Rejesta ya zamani ya ushirika. Namba moja kwa boma, jina la baba."

"Rejesta waliandika wanaume, na walishakufa. Sikuuliza rejesta. Mashine umeiandika na nani?"

Namnyaki alifungua mdomo kumtaja Gadiel. Lakini Gadiel hakuwahi kuandika mstari hata mmoja, na mkataba wa huduma ya wanachama aliuandika yeye, mkono wake, siku ya kwanza kabisa, akinakili safu za rejesta moja baada ya nyingine. Alizigawia nyumba programu nne zisizojua hata kula. Wanawake wa boma lao, ambao alijua maziwa ya nani ni ya nani kabla hajajua kusoma, aliwafungia wote ndani ya namba ya baba. Na hakumuuliza hata mmoja. Aliona aibu mpaka masikio yakamuwaka.

"Nimeiandika mimi, yeyo."

"Haya."

"Nitaibadilisha. Ila itabidi nibadilishe na hizo nyingine tatu, zote zinaitumia ile namba. Ni wiki tatu, labda mwezi."

"Sikukuuliza ni lini."

Mama yake akafunua ndoo, akachota kikombe kikajaa, akampa.

"Kunywa. Uliyoyakataa uyaonje mwenyewe."

Namnyaki alikunywa kikombe chote huku mama yake anamtazama. Yalikuwa maziwa mazuri, hayana kasoro yoyote.