Nzuri Tu, Mwanangu

Mama yangu hajawahi kumpa mgeni habari mbaya. Ungemkuta kwake kijijini Mvumi amelala na homa, ukamwuliza habari, angekwambia nzuri tu, kisha angeinuka kutafuta kuni akupikie uji. Nimekulia katika adabu hiyo na imenichosha mara nyingi.

Ndiyo maana ugonjwa wake tuliujua kwa kuchelewa. Alilazwa muda mrefu kwa maambukizi makali, na alipotoka akaanza kuhisi ardhi inacheza chini ya miguu. Akitembea, miti na nyumba zilirukaruka machoni; giza likiingia, hakujua akanyage wapi. Majirani wakaamua kwamba amekuwa mlevi, yeye ambaye hata togwa huinywa kwa mashaka. Niliwachukia kwa hilo, na wengine bado sijawasamehe.

Mjini kulikuwa na madaktari waliokuwa wakiutafiti ugonjwa huo, wakamkubali. Walisema ni wa nadra: sehemu za ndani ya masikio zinazotusaidia kusimama zimekufa ganzi, kulia na kushoto, na haziponi. Walitaka kujua kama mazoezi ya kila siku yanaweza kuufundisha ubongo kutegemea macho na nyayo. Mama akahamia kwangu, mtaa wa Kikuyu, huko huko mjini. Kila asubuhi alisimama juu ya kipande cha sponji, mimi nyuma yake nimenyoosha mikono, akigeuza kichwa huku na huku bila kuondoa macho kwenye msalaba ulioko ukutani.

Wakati huo nilikuwa na mtoto mchanga, mjukuu wake wa kwanza. Mama alimwogesha akiwa ameketi sakafuni, akambembeleza akiwa ameketi sakafuni. Kumbeba mgongoni alikataa. Kitenge alichokuja nacho kwa kazi hiyo kilibaki kimekunjwa ndani ya mfuko wake.

"Nikianguka naye?" aliniuliza mara moja tu.

Muuguzi wa utafiti, binti mpole sana, alikuwa akimpigia simu kila wiki.

"Shikamoo, mama. Habari za tangu juzi?"

"Marahaba. Nzuri tu, mwanangu."

"Na kuyumba je?"

"Tunamshukuru Mungu."

Muuguzi alifurahi, akaandika kwamba mgonjwa ana nafuu. Mama alinirudishia simu, akaenda jikoni akishika ukuta.

Uvumilivu ukaniisha. Siku ya kliniki nilimvuta yule muuguzi pembeni.

"Dada, mama hajibu swali lako. Anaitikia salamu. Unampigia kwa heshima zote hizo, atawezaje kukukatisha tamaa?"

Alicheka, kisha akawa mnyonge. "Sasa nimwulize nini?"

"Mwulize kama amembeba mjukuu."

Wiki iliyofuata akamwuliza. Mama aliishika simu kwa mikono yote miwili. "Bado," alisema, na machozi yakamtoka. Nilimkumbatia, naye akakubali kukumbatiwa, jambo ambalo si kawaida yake. Nilimpenda siku ile kuliko siku zote alizoniambia yuko salama.

Tangu hapo muuguzi akawa anauliza hivyo hivyo, na jibu likawa lile lile: bado. Lakini mazoezi yalibadilika. Walimtoa kwenye sponji wakampeleka kwenye mchanga, wakampa abebe mto, halafu mfuko wa unga. Nyumbani alirudia yote uani, akinifukuza nikimkaribia sana.

Simu iliita asubuhi moja baada ya mvua za kwanza, mama akiwa huko huko uani. Nilimpelekea nikiwa nimeweka spika.

"Shikamoo, mama. Habari za tangu juzi?"

"Marahaba. Si nzuri, mwanangu," mama akasema. "Bado nayumba. Usiku ndiyo kabisa."

"Pole sana, mama!" Muuguzi alishtuka hadi sauti ikapanda.

"Taratibu," mama akamwambia, mkono mmoja ukutani, mwingine ukikaza fundo la kitenge kifuani. "Utamwamsha. Amelala mgongoni."