Mfuko Uliofika Kwapani

"Hivi Mama Pindo, bado unamwombea mumeo apone, au umeshamkatia tamaa?"

Jirani alimuuliza hivyo mlangoni, mbele za watu, kikapu mkononi. Mama Pindo ni fundi cherehani tunayesali naye. Jina hilo alipewa na wateja, maana pindo lake halifumuki. Siku hiyo aliingia ndani akarudisha mlango, moyo unamsuta.

Mumewe, dereva mstaafu wa lori, alikuwa kitandani na ugonjwa wa mapafu. Madaktari walikuwa wameshamrudisha nyumbani. Kila alipokonda, mkewe aliyachukua mashati yake eti anakwenda kuyafua, kumbe anayabana ubavuni, kidogo kidogo. Aliwaza kwamba shati likimkaa vizuri, mzee hataona alivyokwisha. Na mzee akianza tu, "Mke wangu, siku nikiondoka...", alimkatisha: "Hebu koma! Mungu si Athumani, utapona."

Asubuhi moja, kabla ya swali lile la jirani, mzee alitafuta miwani yake kwenye mfuko wa shati. Akapapasa kifua, wapi! Akapapasa tena, akaukuta mfuko karibu na kwapa. Fundi alikuwa amebana na kubana, akasahau kuuhamisha mfuko.

Mzee alicheka mpaka akakohoa.

"Fundi gani wewe? Mfuko umefika kwapani! Hii ni miwani au kipimajoto?"

Mama Pindo aliinamisha kichwa.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," mzee akasema, sasa kwa upole. "Wewe unayaficha kwa cherehani. Mimi mwili wangu naujua, mke wangu. Nilichokosa ni mtu wa kuzungumza naye. Fumua."

Mama Pindo akaleta wembe, akaketi ukingoni mwa kitanda, akaanza kufumua. Uzi ukitoka, na maneno yakitoka. Mzee alisema anataka azikwe kando ya mama yake. Akasema kaka yake aitwe wapatane, na binti yao mdogo asilazimishwe kuolewa haraka. Mama Pindo aliitika tu, "Ndiyo, mume wangu," machozi yakilowanisha shati.

Tangu siku ile sala yake ilibadilika. Hakusema tena "Mponye." Alisema, "Mpokee, nami unishike." Aliniambia kwamba moyo wake ulitulia kama maji mtungini, na utulivu huohuo ukamtia hatia, kana kwamba anamsukuma mumewe nje ya nyumba. Ndiyo maana jirani alipouliza, alirudisha mlango.

Mzee alifariki akiwa ndani ya shati lile linalopwaya, mkono wake mkononi mwa mkewe, kaka yake pembeni. Aliondoka kwa amani.

Mama Pindo amerudi kwenye cherehani yake. Wateja wanasema mkono wake ni uleule, ila huwa anasimama katikati ya mshono, anatazama ukuta. Juzi, baada ya sala, tulimzunguka tukamwambia asijilaumu, kwani kumwachia Mungu mgonjwa si kumtupa. Akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Kumwachia Mungu hakunisuti tena, dada zangu. Kinachonisuta ni zile wiki alizotaka kuzungumza, nikamziba mdomo. Niombeeni Mungu anisamehe hilo."