Andika Kisimani

Nyinyi wajukuu mliobishana Ijumaa nzima hapa sebuleni kwangu Dubai, kama mji wetu wa Kwa Bakora ubadilishwe jina au uachwe, nisikilizeni. Kusoma sikusoma sana, lakini huko ndiko nilikozaliwa.

Nakumbuka siku moja, mie kigoli, tumekaa uani kwa bibi yangu tunapiga makumbi ya nazi, tupate usumba wa kusokotea kamba. Nyuzi zake zimetujaa nyweleni, chai ya mchaichai inachemka. Hata leo nikiipata harufu ile, moyo hunirudi uani. Akaja mgeni, akauliza, "Bi mkubwa, hapa panaitwaje?"

Bibi akamjibu, "Kisimani."

Mie mjuaji, nishaweza kusoma kibao cha njiani, nikadakia: "Bibi kasahau huyu. Hapa Kwa Bakora." Wenzangu wakacheka.

Mgeni alipokwenda zake, bibi akaniita. "Umenisahihisha mbele ya watu, ehe? Kaa, nami nikusahihishe."

Akanambia Bakora alikuwa msimamizi wa shamba zama za utumwa, na mama yake bibi alikuwa mtumwa humo. Fimbo ya mtu huyo ilimvunja mkono, ukakaa kombo mpaka anaingia kaburini. "Waliopigwa hawakumtaja. Wao walipaita Kisimani, maana kisimani ndiko walikopumua. Nawe jina lake unalitafuna kama halua."

Nilipiga makumbi mpaka magharibi, sijainua uso.

Sasa Saidi, mjukuu wangu anayefanya kazi hotelini kule Garhoud, Ijumaa kanambia, "Bibi, khalas, yaishe, jina tu hilo. Na pasi yako ya kusafiria imeandikwa Kwa Bakora. Likibadilishwa utahangaika na makaratasi."

Nikamwambia, "Nihangaike. Kuna aliyehangaika na mkono."

Wajukuu zangu, msimsahihishe mtu mzima kabla hamjamuuliza kwa nini anasema hivyo. Na nyinyi mnaohofu kwamba jina likitoka tutasahau, bibi yangu hakulitaja hata mara moja kabla ya siku ile, na habari yote nimeipata kwake. Mungu awape umri, awape na wa kuwahadithia.

Wazee kule nyumbani wanangoja kauli ya kila ukoo. Yetu nimeshaitoa. Na hapa kwangu nimeamrisha: lile boksi la nguo tulizonunua soko la Naif tupeleke nyumbani halitoki mlangoni mpaka Saidi aliandike Kisimani kwa mkono wake. Mwenye kusafirisha mizigo akiuliza ni wapi huko, Saidi akae chini amweleze.