Uso Niliouchora Bila Kuinamisha Macho

Kabla hujaniita mwongo, nenda Mkomani uulize ile nyumba yenye mlango wa kijani, iliyokaa miaka na miaka bila taa, ni ya nani. Utaambiwa ni yangu. Kisha uliza ni nani mwingine aliyewahi kuhamia humo akadumu. Hapo utamwona mtu anatazama pembeni na kukohoa. Ukishapata majibu hayo, rudi uketi unisikilize, maana haya sikusimuliwa. Yalinipata mimi, mchana kweupe, tumbo limeshiba na akili ziko mahali pake.

Mimi ni mtoto wa kisiwa cha Ndau. Shule niliishia darasa la tatu. Nilipovuka kuja Amu, ndiyo Lamu, nilibeba mawe ya kujengea begani, mawe ya nyumba za watu. Leo nina boti za injini pale Ras Kitau zinazopeleka wageni hotelini, na vijana wenye nguvu wananiita bosi. Nani alinishika mkono? Hakuna. Nilijishika mwenyewe.

Na nina kitu ambacho wenye mali wengine wa hapa hawana: kila siku inayonipitia, naichora. Waliosoma huandika. Mimi herufi zilikuwa zikinichosha, basi nikashika penseli nikawa nachora, mchoro mmoja kila siku, uwe mzuri uwe mbaya, kwenye daftari. Kamba iliyofungwa vibaya. Samaki wa kukaanga kabla sijamla. Siku tuliyomzika baba nilichora jembe limeegemea ukuta. Siku ya harusi yangu nilichora viatu vya wageni mlangoni, na mke wangu Bi Rukia hajanisamehe mpaka leo. "Watu wanaoa, wewe wachora makubadhi!"

Madaftari yamejaa sanduku zima. Lakini yafungue yote, hutakuta uso hata mmoja. Mwalimu wangu wa chuo cha Kurani alinionya ningali mdogo kwamba kiumbe chenye roho hakichorwi kikakamilika. Kwa hiyo wapagazi wangu, akina mama wa mabuibui, hata punda, wote nawaishia shingoni.

Basi nikainunua nyumba ile. Mkomani, ujue, ndiko kwenye nyumba za mawe na watu wa nasaba zao. Habari ikafika barazani kabla sijafika mimi. Bwana Athmani, mwenye duka la pembeni, akaniita mbele za watu.

"Mtu wa Ndau! Umenunua jumba au umenunua jina?"

"Vyote viwili," nikamjibu, "na chenji nimerudishiwa."

Wakacheka. Lakini kicheko kilichoniuma kilikuja baadaye. Nilimweka fundi Kombo apake chokaa chumba cha ndani, kile chenye zidaka, yale matundu mazuri ya ukutani ambayo wazee walipangia vyombo. Kombo ni mtu wa maneno machache. Adhuhuri moja akatoka nje na mwiko mkononi, chokaa inamkaukia.

"Mwenyewe yumo ndani," akasema. "Amenisalimu."

Akaenda zake, na vibarua wakamfuata nyuma kama mbuzi, baraza zima likiwacheka na kunicheka mimi. Jioni hiyo Bi Rukia alikuwa ameshazipata habari. "Mimi na wanangu tutabaki kwenye vyumba vyetu vya kupanga Langoni," akaniambia. "Nyumba yenye mwenyewe siingii, hata uipake dhahabu."

Unaielewa hali yangu? Kama nisingehamia, jasho langu lote lingekuwa pango la popo, na mtaa ungenicheka mpaka kwa wajukuu.

Kesho yake nilikwenda peke yangu. Nilikuwa nimeshaswali, nimeshakula, jua liko utosini, na mtaa umenyamaza kama hakuna mtu. Nikakaa juu ya mfuko wa saruji, nikafungua daftari langu, nikaanza kuchora zile zidaka. Nilipoinua macho, mtu ameketi mbele yangu juu ya mkeka ambao sikuutandika mimi. Kanzu nyeupe, kofia ya mshono mzuri, uso kama wa mtu yeyote unayemkuta safu ya pili msikitini.

"Karibu kwangu," akasema.

"Kwako wapi? Hati ninayo mimi."

"Hati ni ya yeo," akasema, akiitamka leo kama wazee wa Amu. "Mimi niko hapa tangu nyumba hii haiyawa nyumba."

Utaniuliza, kwani hukusoma? Nilisoma! Nilianza Ayatul Kursi, nikakwama katikati kwa hofu, na yeye, niamini, akanikumbusha neno linalofuata, taratibu, kama mwalimu na mwanafunzi. Nilipomaliza akasema, "Mashallah. Ila matamshi yako mabovu."

Nikajua huyu hafukuziki kwa kisomo. Ni Muislamu mwenzangu. Lakini nikajua na la pili: Muislamu akitoa ahadi, huishika.

Akanyoosha mkono, nikampa daftari. Sijui kwa nini nilimpa. Akafunua kurasa moja moja.

"Mbona watu wako hawana zitwa?"

"Vichwa sichori."

"Huchori, au huwezi?"

Ndugu yangu, neno "huwezi" nalisikia tangu Ndau, na kila aliyeniambia nimempita kwa boti. Damu ikanipanda. Nikamwambia hakuna kitu mkono huu hauwezi. Akatabasamu, maana hilo ndilo alilolitaka.

"Basi nichore uso. Nakupa karatasi tatu. Ukitoka uso wangu hasa, nakupisha. Usipotoka, weye utaondoka na hutarudi, wala wanao."

Nikapokea daftari langu, nikamwomba Mola msamaha mapema, kabla ya kosa, nikachonga penseli kwa kisu.

Alikuwa na masharubu membamba na baka jeusi kando ya pua, upande wa kulia. Nikainama, nikaliweka baka. Nikainua macho: baka liko kushoto, masharubu hayapo. Nikadhani ni mwanga. Nikafuta, nikachora upya. Nikainua tena: pua imerefuka. Nilipompa karatasi akaiwekea kidole. "Huyu ni nani?" Na kweli, hakuwa mtu.

Karatasi ya pili nilifanya haraka, kichwa chini, kichwa juu, kama kuku anywaye maji. Kila nikiinuka namkuta mtu mwingine. Mara kizee, mara kijana asiye na ndevu, mara moja, wallahi, alikuwa Bwana Athmani wa dukani na jino lake la dhahabu! Mwishoni nilikuwa na uso wa watu chungu nzima kwenye karatasi moja. Akacheka mpaka vumbi la chokaa likaanguka kutoka darini.

Wakati anacheka, mimi nilikuwa nikimtazama. Na hapo ndipo nilipoona. Alikuwa hageuki. Nikimkazia macho, anatulia kama mtu yeyote. Hugeuka pale tu ninapoinamia karatasi. Mtu mwingine angeligundua hilo? Labda, lakini sidhani. Anayetazama vitu kila siku ili avichore, ndiye anayeona.

Sasa nikwambie kitu kuhusu kazi ya boti. Pale Ras Kitau kuna mkondo na mafungu ya mchanga, na wageni wanaogelea hovyo mbele yako. Ukiinamisha macho umeua mtu. Mimi nashika usukani kwa mkono wa kushoto, daftari liko pajani, na wa kulia unachora peke yake bila kutazamwa. Nimefanya hivyo miaka. Nani alinifundisha? Hakuna!

Nikaweka daftari gotini kwenye karatasi ya tatu, nikamtumbulia macho. Akangoja niiname. Sikuinama. Nikaanzia sikio. Jicho likawa linatembea juu ya taya lake polepole kama sisimizi ukutani, na penseli inalifuata mwendo ule ule. Tabasamu lake likaisha.

"Pua umeiweka nje ya karatasi," akasema.

Nikaendelea na taya.

"Penseli yako imevunjika." Haikuvunjika, naisikia inakwaruza.

"Kuna tandu mguuni pako." Na kweli nikahisi miguu mingi inapanda kwenye muundi wangu, baridi, inaelekea gotini. Sikutazama. Macho yalikuwa yanawaka, machozi yananitiririka, nikawa nayapepesa kwa zamu, moja likifumba jingine linalinda. Nikamaliza paji, nikashuka kwenye kope.

Kisha akabadilika. Akasogea mbele, akaitazama karatasi, sauti ikawa laini kabisa.

"Subhanallah. Bwana, sijapata kuona mkono kama huu. Mafundi wote wa Amu hawaiwezi kazi hii. Hebu itazame weye mwenyewe, kwa mato yako."

Ee, ndugu yangu! Matusi nimekulia ndani yake. Vitisho nimevizoea. Lakini sifa? Kutoka kwa mwenye nyumba ya Mkomani? Shingo ilianza kuinama yenyewe. Sikufichi, ilishuka. Kope zilipoanza kuteremka nikaona ukingo wa shavu lake unaanza kuyeyuka kama samli. Nikaung'ata ulimi mpaka nikaonja damu, nikainua kichwa, nikamfunga kwa macho mpaka mstari wa mwisho wa kidevu.

"Nimemaliza," nikasema. Nikaichana karatasi kutoka daftarini kwa kupapasa, nikampa bila kuitazama.

Akaitazama yeye. Muda mrefu sana.

"Hivi ndivyo nilivyo?"

"Ndivyo ulivyo."

"Hakuna mtu aliyepata kunitazama hata mwisho," akasema, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu aliyepewa habari za nyumbani. Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni mwa kanzu, akasimama. "Nyumba ni yako. Mimi ndia yangu ni hiyo."

Akatoka kwa mlango, kama mgeni mwenye adabu. Akanitolea salamu, nikamrudishia. Nikausikia mnyororo wa mlango ukigonga mbao. Nilipofumba macho yote mawili na kuyafumbua, mkeka nao haupo.

Nilipiga kelele za furaha mpaka Bwana Athmani akaja mbio na mizani yake mkononi. Fundi Kombo alirudi, akaingia, akanusa hewa, akasema, "Chumba kitupu," akaendelea na chokaa yake. Bi Rukia alihamia kwa punda wawili wa vyombo kupitia kichochoro kile kile cha barazani, na mimi nikiwa mbele, kanzu mpya, fimbo mkononi. Nani alicheka? Walisimama kunipa mkono! Pale alipokaa yule bwana, leo analala binti yangu mdogo, usingizi wa pono.

Jicho langu la kushoto linatoka machozi tangu siku ile, asubuhi na jioni, na daktari anasema ni vumbi. Namwacha aseme. Kinachonisumbua ni kingine. Mchoro bora niliouchora maishani sijauona. Bi Rukia anasema ni heri, picha yenye uso ikikaa ndani malaika hawaingii. "Hata dhambi yake ameibeba yule bwana mwenyewe," ananiambia, "na bado wanuna?" Anasema kweli. Lakini kuna siku ningetoa boti nzima niione kwa kitambo tu.

Basi wewe unayeshika penseli, chora kila siku, usiache. Lakini akija mtu usiyemjua mchana wa jua kali, mtaa umenyamaza, akaketi mbele yako akataka umchore, mshike kwa macho. Akikutukana, endelea. Akikutisha, endelea. Akianza kukusifu, akakwambia hebu itazame kazi yako ilivyo nzuri, ung'ate ulimi wako na usiiname.